Rushwa ya Berlin ilichunguzwa, njaa ya Ubena hapana

Mwaka 1906 Ujerumani iliwaka moto kwa sababu ya viatu. Viatu, mahema, kofia na masanduku ya safari: vifaa vya wanajeshi wa makoloni, ambavyo serikali ilikuwa ikivinunua kwa kampuni moja ya Berlin, Tippelskirch, kwa mkataba uliowafungia mlango wafanyabiashara wengine wote. Ikabainika kwamba Meja Fischer, ofisa aliyehusika na manunuzi ya jeshi hilo, alikuwa akipokea fedha za kampuni hiyohiyo. Akakamatwa. Ikabainika pia kwamba Waziri wa Kilimo wa Prussia, Victor von Podbielski, alikuwa na mkono ndani ya kampuni kupitia hisa za mkewe. Mbunge Matthias Erzberger hakuwapa nafasi ya kupumua, na Novemba mwaka huo waziri akaachia ngazi. Idara ya Makoloni ilikuwa imekwishapata mkuu mpya, Bernhard Dernburg, mtu wa benki, aliyeletwa kusafisha nyumba.

Uchunguzi, kukamatwa, kujiuzulu. Vyote hivyo ndani ya miezi michache, kwa ajili ya bei ya viatu.

Sasa njoo Njombe, majira hayohayo. Septemba 1905 Wabena wa Mtwa Mbeyela waliivamia misheni ya Yakobi. Mchungaji Gröschel na watu wake wakawarudisha nyuma kwa bunduki. Baada ya hapo hapakuwa tena na vita vya watu wawili wanaotazamana. Vikosi vya Wajerumani na wasaidizi wao viliingia Ubena vikachoma nyumba, vikachoma chakula ghalani na mashambani, vikaswaga ng'ombe, vikateka wanawake. Haikuwa hasira ya askari walioshindwa kujizuia. Kapteni Wangenheim alishaandika kwa wakubwa wake kwamba njaa na dhiki ndizo zitakazowatiisha watu hawa moja kwa moja. Hesabu iliyopelekwa kwa wabunge Berlin ilikiri vifo 75,000 katika vita vyote vya Maji Maji. Gilbert Gwassa, mwanahistoria wetu aliyeketi na wazee akawasikiliza, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa.

Nani alikamatwa kwa ajili ya maghala hayo? Waziri gani alijiuzulu?

Tume iliundwa, ndiyo. Gavana von Götzen aliwateua maofisa wa serikali yake, na Desemba 1905 wakaandika kwamba chanzo cha vita kilikuwa waganga na hila za machifu. Kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani! Mtu aliyetoza kodi, aliyelazimisha kilimo cha pamba, aliyewaachia maakida viboko mkononi, ndiye anayeulizwa kwa nini watu wamekasirika. Jibu lake lilikuwa uchawi. Götzen akarudi kwao mwaka 1906, na baadaye akaandika kitabu kuhusu vita hivyo kama mtu aliyetenda wajibu wake.

Kwa haki niseme: wapo wabunge wa Berlin, akina Bebel na Erzberger huyohuyo, waliokemea ukatili wa makoloni kwa sauti kubwa. Lakini kukemea ni kitu kingine na kuchunguza ni kitu kingine. Meja aliyekula fedha za kampuni iliyoiuzia serikali alifuatwa na polisi. Ofisa aliyeteketeza mahindi ya mama mjane wa Kibena alirudi kambini akaandika taarifa ya ushindi. Hazina ilikuwa na mwenyewe wa kuipigania, mahindi hayakuwa naye.

Waingereza walipoichukua nchi waliendeleza mchezo kwa namna yao. Mwaka 1958 gazeti la Sauti ya TANU lilichapa tuhuma za Mwalimu Nyerere dhidi ya mabwana shauri walioonea wananchi. Serikali haikuunda tume ya kuwauliza hao wananchi. Ilimpandisha Mwalimu kizimbani kwa kashfa, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Mwaka huohuo Tanganyika ikapata sheria yake ya kuzuia rushwa. Wala hongo walitungiwa sheria, na aliyewanyooshea kidole maofisa akatungiwa mashtaka.

Asiniambie mtu kwamba kusikiliza wananchi haiwezekani. Tume ya Jaji Warioba mwaka 1996 ilipokea malalamiko ya watu wa kawaida kuhusu rushwa, ikayaweka kwenye taarifa, ikawataja wakubwa na wadogo. Tunaweza kuilaumu serikali kwa yale isiyoyafanyia kazi, lakini njia ya kuuliza tunaijua.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Alifanya vema, na ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani katika vita hivyo, ulistahili kumsikia. Lakini barabara ya kwenda Songea inaanzia Makambako na kupita Njombe, na huku hakuna aliyeulizwa chochote. Ubena uliporwa ng'ombe wake, ukafa njaa, kisha vijana wake wakageuzwa manamba wa kukata mkonge Tanga kwa sababu nyumbani hapakubaki cha kuanzia. Huo ndio wizi ambao haujapata tume hadi leo.

Kwa hiyo nadai, na ninawataka wabunge wa Mkoa wa Njombe wadai nami: mazungumzo ya Tanzania na Ujerumani yazae uchunguzi wenye majina na tarehe. Nyaraka za jeshi zilizoko Ujerumani zitafsiriwe kwa Kiswahili. Vikao vifanyike Yakobi na Makambako, hadharani, wazee waseme kwa Kibena wakitaka. Wajumbe wasiwe watumishi wa upande wowote unaochunguzwa. Na swali la kwanza litakalosomwa liwe hili: ng'ombe wa Wabena walioswagwa mwaka 1905 na 1906 walikuwa wangapi, walipelekwa kwa nani, na nani alilipwa?