Tamko Kuhusu Kufufua Barabara ya Zamani ya Magogo Msituni Amani

Sisi, wanachama wa chama cha wakulima wa viungo na waongoza watalii wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza, tunatamka yafuatayo kwa mhifadhi, kwa halmashauri, kwa serikali za vijiji na kwa wananchi wote wa Tanga.

Barabara tunayoizungumzia ilichongwa na wavuna magogo. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, mitambo mizito ilipanda Usambara Mashariki ikakata njia miteremkoni bila kujali maji yangeelekea wapi. Uvunaji ule ulikoma, na mwaka 1997 Amani ikawa hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia nchini, yenye hekta 8,380. Malori yaliondoka, makovu yakabaki. Barabara yetu ilifungwa baada ya masika kuikatakata. Leo ina makorongo yanayomfika mtu kifuani, na kalavati lake moja limeziba hata kijito kinapita juu ya njia.

Tunaomba kuifufua kwa msaragambo, bila posho. Mgonjwa wetu bado hubebwa kwa machela kuuzunguka mlima. Iliki hushuka kichwani. Moto ukizuka kiangazi, wazimaji hufika umekwisha kula. Hata hivyo, linalotusukuma zaidi ni udongo. Mahali penye mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, barabara iliyofungwa na kutelekezwa mteremkoni haiponi yenyewe. Hugeuka mfereji, ukachimbika zaidi kila masika. Udongo huo huishia Mto Zigi, na maji ya Zigi ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Kwa sababu hiyo hatukubali kuambiwa kwamba hili ni jambo la watu wa milimani peke yao.

Tumekubaliana kwamba njia itakuwa na upana wa kupita pikipiki na machela, si lori. Kazi itaanza na maji kabla ya kufyeka: kuzibua kalavati, kuchimba mitaro, na kujenga matuta ya mawe ya mshazari yatakayoyatoa maji njiani kabla hayajapata kasi. Hakuna mti utakaoangushwa ili kupanua njia. Tumeona kwa macho yetu kwamba kila penye mwanga mpya musizi hushika, mti wa kigeni ulioletwa Amani zama za ukoloni, ambao sasa umejaa palipokuwa na miti ya asili. Mwanzoni mwa njia tunataka lango lenye kufuli, ufunguo ukae kwa mhifadhi na kwa kamati ya maliasili ya kijiji. Hatufungui mlango kwa wapasua mbao.

Wapo wenzetu walioingia na mapanga kabla ya ruhusa. Uchovu wao tunaujua, maana ni wetu pia, lakini hatuwaungi mkono. Msitu huu ni wa umma na una sheria yake, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kujitolea si kibali. Tena walifyeka pembeni wakauacha mtaro umeziba, na mvua za vuli zikaisomba kazi yote.

Tunamwomba mhifadhi atupe kibali cha maandishi kabla masika hayajaisha, ili tufanye kazi kuanzia Juni hadi Septemba ardhi ikiwa kavu. Tunaomba pia fundi wa barabara kutoka wilayani aje atupimie mteremko, kwa kuwa tuta likikaa vibaya hupeleka maji shambani kwa mtu, na sanduku la huduma ya kwanza liwepo kila siku ya kazi.

Sururu, machepe na makarai yamekwishakusanywa. Vitongoji vimegawana zamu, pamoja na zamu za kusafisha mitaro kila mwaka kabla ya vuli na kabla ya masika. Kibali kikitoka, tutaanza kwenye lile kalavati.