Tuvue Raba Zetu, Japo kwa Dakika Tano

Ziko aibu za haki na ziko aibu za bure. Mtu mzima kuonekana barabarani akikimbia peku ni aibu ya bure, nayo ndiyo ninayotaka kuipiga vita leo.

Miji yetu siku hizi imejaa wakimbiaji. Alfajiri, Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa au Arusha, utawakuta kwa makundi wamevaa fulana za mbio za hisani, na miguuni wana raba nene za rangi kali, nyingine za dukani kwa bei ya mbuzi, nyingine za mitumba. Ni jambo jema. Presha na kisukari vimetutandika vya kutosha. Lakini mngoje mkimbiaji huyo baada ya miezi michache umsikilize. Goti linauma. Muundi unauma. Kiuno kimekaza. Na dawa aliyofundishwa ni moja tu, anunue raba nene zaidi.

Mimi nasema kabla hajanunua, avue kwanza. Sisemi avitupe viatu, wala sisemi akimbie peku siku zote. Avue kidogo, mahali panapofaa, kwa utaratibu, aone miguu yake inamwambia nini.

Anayedhani kukimbia peku ni mambo ya watoto wa shule na akumbuke tarehe 10 Septemba 1960 mjini Roma. Abebe Bikila, askari wa kikosi cha ulinzi cha Mfalme Haile Selassie, alikuwa ameingizwa katika timu ya Ethiopia mwishoni kabisa, na viatu alivyopewa huko havikumkaa vizuri. Kwao alikwisha zoea kufanya mazoezi peku, akaona heri mguu anaoujua kuliko kiatu asichokijua. Jua lilizama wakimbiaji wakiwa njiani. Wakapita barabara ya kale ya Appia, yenye mawe, askari wa Kiitalia wamesimama pembeni na mienge. Karibu na mwisho ilikuwapo nguzo ya Aksum, ile ambayo majeshi ya Mussolini yaliipora Ethiopia na kuisimamisha katika mji wao mkuu. Bikila akaongeza mwendo, akamwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, akafika kwenye Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Hapakuwa na mtu aliyewahi kumaliza marathoni kwa muda mfupi kuliko huo. Waethiopia hawakuhitaji kuelezwa maana ya ushindi ule mahali pale.

Wala hakuwa peke yake. Bruce Tulloh, Mwingereza, alitwaa ubingwa wa Ulaya wa mita 5,000 mjini Belgrade mwaka 1962 bila kiatu. Tegla Loroupe wa Kenya alishinda mita 10,000 katika Michezo ya Goodwill peku vilevile, na huyo hakuwa amekosa wa kumpa viatu.

Lakini anayetoa mawaidha asifiche nusu ya habari. Miaka minne baada ya Roma, huko Tokyo, Bikila yule yule alivaa viatu akashinda tena, kwa saa 2:12:11. Alikwenda haraka zaidi. Kwa hiyo mtu asinijie akidai nimesema peku ni kasi. Bikila hakuwa mshabiki wa viatu wala wa kutovaa viatu. Alichokuwa nacho ni miguu iliyoweza yote mawili, na hicho ndicho wengi wetu tulichokipoteza mijini.

Tulikipotezaje? Tazameni kiatu chenyewe. Raba ya kukimbilia yenye kisigino kinene ni kitu cha juzi, cha miaka ya 1970 kuja huku. Kabla ya hapo hata mabingwa wa Ulaya walikimbia na vijiraba vya soli nyembamba. Kisigino kilipowekewa mto, mtu aliweza kunyoosha mguu mbali mbele, akatua kwa kisigino goti limenyooka, asisikie kitu. Kishindo kipo, kinapanda mpaka gotini na nyongani, ila mwenyewe hana habari. Mwambieni avue, ajaribu mwendo huo huo juu ya saruji. Hatamaliza hatua kumi. Na hapo hapo, bila mwalimu, mwili wake utabadili mwendo: hatua zitakuwa fupi na za haraka, mguu utatua chini ya mwili badala ya mbele yake, goti litakunjika kidogo, na kisigino kitagusa chini taratibu baada ya sehemu ya mbele. Wayo umejaa neva. Mungu hakuziweka pale kwa mapambo.

Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wakimbiaji, wakiwamo vijana wa Bonde la Ufa nchini Kenya waliokua bila viatu. Waliona kwamba anayetanguliza sehemu ya mbele ya wayo hapati lile pigo la ghafla linalompata anayetua kwa kisigino, hata akiwa juu ya sakafu ngumu. Habari hiyo ilienea duniani upesi, maana mwaka mmoja nyuma Christopher McDougall alikuwa ametoa kitabu kuhusu Watarahumara wa Meksiko, wanaokimbia masafa marefu milimani na viatu vya ngozi au vya mpira wa tairi. Sisi tunavijua viatu vya namna hiyo. Ni katambuga.

Hapo ndipo makosa yalipoanza. Watu waliokaa ofisini miaka ishirini, ambao nyayo zao hazikuwahi kugusa kokoto, walivua raba Jumamosi na Jumapili wakakimbia kilomita kumi. Wengine walinunua viatu vyembamba vyenye vidole vitano mithili ya glavu. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia wakimbiaji waliohamia viatu vya aina hiyo kwa wiki kumi, wakakuta uvimbe ndani ya mifupa ya miguu ya wengi wao kuliko wale waliobaki na raba zao. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, iliyotengeneza viatu hivyo, ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliodai kwamba imewaahidi faida za afya zisizo na uthibitisho. Kampuni haikukiri kosa. Wafanyabiashara nao wakageuka upande wa pili, wakaanza kuuza soli nene kuliko zote zilizopata kuonekana. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Na hata hoja ya Lieberman haikukaa bila kujibiwa. Mwaka 2013 watafiti wengine walitoa matokeo ya kuwapima Wadaasanach, kaskazini mwa Kenya karibu na Ziwa Turkana, watu waliozoea kutembea bila viatu tangu utoto. Wakienda mwendo wao wa kawaida wa masafa, wengi wao walitua kwa kisigino. Ni walipoongeza kasi ndipo baadhi walipobadili. Basi anayekwambia kuna namna moja tu ya kukimbia aliyoumbiwa binadamu, mwache aende zake.

Kwa nini basi bado nashikilia kwamba tujaribu? Kwa sababu mimi siahidi kwamba hutaumia. Mzigo wa mbio haupotei, unahama. Raba nene huupeleka gotini. Wayo mtupu huupeleka kwenye misuli ya nyuma ya muundi, kwenye kano ya kisigino na kwenye mifupa midogo ya wayo. Yule ambaye goti limemlia miaka mitatu, amebadilisha raba mara nne na goti bado linalia, hana hasara akiuhamisha mzigo kidogo kidogo mahali pengine. Na yule asiyeumwa popote atapata jambo lingine: atajua anavyokimbia. Wengi wetu hatujui. Tunapiga lami kishindo hadi mbwa wa jirani anaamka, na tunadhani huo ndio mwendo.

Nasikia mtu akiniuliza, mbona mabingwa wetu wanavaa yale maviatu ya soli nene? Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni chini ya saa mbili kule Vienna mwaka 2019, kwa 1:59:40, hakuwa peku. Kweli. Soli zile zina povu linalorudisha nguvu na bamba gumu ndani yake, hata wakuu wa riadha duniani wakalazimika mwaka 2020 kuweka mpaka wa milimita 40 kwa mbio za barabarani. Lakini yule anatafuta sekunde, na sekunde kwake ni mkate wa watoto. Wewe unatafuta nini? Unakimbia ili mgongo usikaze na suruali ikufunge. Ukivaa kiatu cha bingwa hupati misuli ya bingwa. Ile ilijengwa miaka mingi kabla ya kiatu kuja.

Sasa niseme juu ya aibu. Kwetu, miguu mitupu ni alama ya umaskini, na wazazi waliohangaika kumvalisha mtoto viatu wana haki ya kuudhika wakimwona mtu mwenye kazi yake anavivua kwa starehe. Nawaelewa. Tulikimbia mchakamchaka shuleni kabla ya jua kuchomoza, nusu ya darasa peku, na hakuna aliyeita huo ni utaalamu. Tena viatu vimetuokoa na mengi. Funza, ambaye leo anawalemaza watoto vijijini, aliletwa na meli kutoka Brazili hadi pwani ya Angola mwaka 1872, na haikupita miaka thelathini akawa amelivuka bara zima hadi pwani yetu. Minyoo ya safura hupenya ngozi ya wayo kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi. Basi mtu asichukue maneno yangu akayapeleka kwenye mkutano wa wazazi kwamba watoto hawahitaji viatu. Wanavihitaji, kila mmoja jozi yake. Anayeweza kuvua kwa hiari ni yule aliye navyo, na wanaosoma makala hii wakiwa na jozi tatu mlangoni ndio ninaowasema.

Wapo pia wasiofaa kabisa kujaribu. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimeanza kufa ganzi asivue. Anaweza kukanyaga msumari akaufahamu jioni anapoona damu sakafuni. Aliyevunjika mfupa wa wayo karibuni angoje, na mwenye kidonda vivyo hivyo. Na kila mtu ahakikishe chanjo yake ya pepopunda haijapitwa na wakati, maana vipande vya chupa tunavyo kila kona.

Anayeweza, aanze nyumbani. Atembee peku ndani na uani wiki kadhaa, nyayo zizoee. Kisha atafute ardhi iliyo ngumu, iliyosawazika na inayoonekana vizuri: uwanja wa shule uliofagiliwa, njia ya murramu iliyoshindiliwa, au mchanga uliokaza ufukweni maji yanapokupwa. Mchanga mlaini wa juu haufai kwa mwanzo, unachosha kano. Na ufuko wenye mteremko humfanya mtu akimbie mguu mmoja ukiwa chini, basi umbali aliokwenda arudi nao. Majani yanadanganya. Yanaonekana mororo, kumbe chini yake mbigili zinakungoja. Lami si mbaya kama watu wanavyodhani, ila iwe asubuhi. Saa saba mchana itakubabua.

Mara ya kwanza, dakika tano zinatosha, nazo ziwe mwanzoni mwa mazoezi, kabla miguu haijachoka. Halafu vaa raba uendelee kama kawaida. Pumzisha siku mbili. Sikiliza mlio wa miguu yako: ukisikia pa, pa, pa, hatua ni ndefu mno, zifupishe. Usikimbie kwa ncha za vidole kama unayenyata kuingia ndani usiku. Kisigino na kishuke, ila kisitangulie. Misuli ya nyuma ya muundi itauma siku ya pili, na hayo ni maumivu ya kawaida ya misuli iliyokuwa imelala. Lakini ukisikia maumivu juu ya wayo, mahali pamoja, yanayokuchoma ukibonyeza kwa kidole, acha mara moja, hata kama ulikuwa unajisikia kuruka. Huo ni mfupa unaoomba muda, na mfupa haubembelezwi na dawa ya kuchua.

Ongeza dakika moja au mbili kwa wiki, basi. Ngozi ya wayo hukomaa upesi, misuli hufuata, lakini kano na mifupa huchukua miezi, na hapo ndipo wenye pupa wanapoangukia, kwa kuwa ngozi inawaambia wako tayari. Na aliyejiandikisha kwa mbio za Moshi za mwishoni mwa Februari asije akaanza Januari kwa kusoma maneno yangu. Amalize kwanza mbio zake kwa raba alizozizoea, apumzike, kisha Machi ikifika avue.