Msimbo wa Kodi Haujirekebishi Wenyewe

Miongoni mwa wafanyakazi wa Uingereza, wenyeji na wahamiaji, imeenea imani kwamba kodi ya mshahara ikikatwa visivyo baada ya mtu kubadilisha kazi, serikali italigundua kosa hilo yenyewe, italisahihisha kwa wakati wake, na fedha zote zitamrudia mwenyewe mwisho wa mwaka bila yeye kusema neno. Imani hiyo inastahili kupingwa waziwazi, kwa kuwa wanaoumizwa nayo zaidi ni watu wasio na akiba, wanaolipa kodi ya nyumba na nauli kwa mshahara wa mwezi huohuo, na ambao pauni mia mbili zilizozuiliwa Oktoba haziwafai kitu zikirudi msimu wa joto unaofuata.

Kodi ya ajira nchini humo hukatwa kwa utaratibu wa PAYE, yaani kulipa kadiri mtu anavyopata, ulioanza mwaka 1944, na mwajiri hukata kiasi anachoelekezwa na msimbo wa kodi, ambao ni tarakimu na herufi chache zinazoandikwa kwenye hati ya mshahara. Msimbo wa kawaida ni 1257L, unaomaanisha kwamba mhusika anaruhusiwa kupata pauni 12,570 kwa mwaka bila kutozwa kodi, kiwango ambacho hakijabadilika tangu Aprili 2021. Mwaka wa kodi huanza tarehe 6 Aprili. Jambo ambalo wengi hawalitilii maanani ni kwamba msimbo huo si hesabu ya mwisho bali ni makisio, na makisio hayo hayawezi kuwa sahihi kuliko taarifa zilizoifikia HMRC, ambayo ndiyo mamlaka ya mapato na forodha ya Uingereza.

Taarifa hizo hupotea hasa pale mtu anapohama kazi. Mwajiri wa zamani hupaswa kumpa fomu ya P45, inayoonyesha mshahara uliokwisha kulipwa na kodi iliyokwisha kukatwa tangu Aprili, ili mwajiri mpya aendeleze hesabu pale ilipoishia. Fomu hiyo ikichelewa, mwajiri mpya humpa mfanyakazi orodha ya maswali yenye matamko matatu, A, B na C, na hapo ndipo watu wengi huweka alama kwa haraka, wakidhani ni karatasi ya kawaida ya kuanzia kazi. Anayechagua tamko C, linalosema kwamba ana kazi nyingine au pensheni, hupewa msimbo wa BR, na mshahara wake wote hutozwa asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza. Asiyejibu chochote hupewa 0T, msimbo usiompa nafuu yoyote. Kwa mfanyakazi wa nyumba ya kulelea wazee anayepata pauni 2,000 kwa mwezi, kodi inayostahili ni pauni 190.50, lakini kwa BR anakatwa pauni 400. Akinyamaza kwa miezi sita, atakuwa amekatwa pauni 1,257 zisizostahili.

Kosa lisiloonekana kwa urahisi ni lile la msimbo uliofuatiwa na alama ya M1, au W1 kwa wanaolipwa kila wiki, ambayo huagiza kila mwezi uhesabiwe peke yake bila kuangalia miezi iliyotangulia. Mtu aliyehamia Uingereza na kuanza kazi yake ya kwanza huko mwezi Novemba, kwa mshahara uleule wa pauni 2,000, atapata pauni 10,000 tu hadi mwisho wa mwaka wa kodi, na kwa kuwa kiasi hicho hakifiki pauni 12,570, hapaswi kulipa kodi ya mapato hata kidogo. Akiwekewa 1257L M1, atakatwa pauni 190.50 kila mwezi kwa miezi mitano, na hati yake ya mshahara itaonekana haina kasoro, kwani tarakimu ni zilezile anazoziona kwa wenzake.

Wahamiaji kutoka Afrika Mashariki wana sababu ya kueleweka ya kuudharau msimbo. Nchini Tanzania mwajiri hufuata jedwali la viwango vya mwezi ambalo shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, na nchini Kenya hupunguza shilingi 2,400 za nafuu binafsi kila mwezi, bila mfanyakazi kupewa msimbo wake mwenyewe. Kwa hiyo lawama hupelekwa kwenye kitengo cha mishahara, ilhali mwajiri wa Uingereza hana mamlaka ya kubadilisha msimbo uliotolewa na HMRC kwa sababu tu mfanyakazi ameomba. Anayepaswa kuelezwa ni HMRC, kwa simu au kupitia akaunti binafsi ya kodi kwenye intaneti, ambako mfanyakazi hutazama kama kazi ya zamani bado inahesabiwa kuwa hai, huandika tarehe aliyoiacha, na husahihisha makadirio ya mshahara wa kazi mpya. Msimbo sahihi wa kujumlisha mwaka mzima ukimfikia mwajiri kabla ya Aprili, kodi iliyozidi hurejeshwa katika mshahara unaofuata, yote kwa pamoja.

Ni kweli kwamba mwaka wa kodi ukiisha, HMRC hulinganisha hesabu na kutuma barua ya P800 kwa waliolipa zaidi au pungufu. Watetezi wa kungoja huishikilia hoja hii, lakini barua hiyo huanza kutumwa Juni, mara nyingi humtaka mlipakodi adai marejesho mwenyewe, na haki ya kudai hukoma miaka minne baada ya mwaka wa kodi kumalizika. Tena barua hiyohiyo huleta deni. Mtu mwenye kazi mbili ambaye kwa makosa amepewa 1257L katika zote mbili hufurahia pauni 209.50 za ziada kila mwezi, kisha hudaiwa pauni 2,514 za mwaka mzima, ambazo kwa kawaida hukatwa kidogokidogo kwa kupunguza nafuu yake ya mwaka wa baadaye. Upo utaratibu wa kusamehe deni ikiwa HMRC ilichelewa kuzifanyia kazi taarifa ilizopewa, lakini mojawapo ya masharti yake ni kwamba mlipakodi awe alikuwa na sababu ya msingi ya kuamini kuwa kodi yake ilikuwa sawa, na sharti hilo ni gumu kulitimiza kwa mtu aliyepokea kila mwezi hati mbili za mshahara zenye msimbo mmoja.