Msiwacheke Bendi za Hoteli

Vijana wa Nairobi wanashuka SGR, wanavuka Likoni, wanafika Diani, na usiku wakisikia bendi ya hoteli ikipiga "Jambo Bwana" wanaanza kucheka. Ati ngoma ya wazungu. Kicheko hicho kimenichosha.

Kwanza, wimbo una mwenyewe. Aliutunga Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi ya hapa hapa Pwani iliyojipatia riziki kwenye hoteli hizi hizi. Mwaka 1983 Boney M. wakaurekodi Ujerumani. Na haikuwa mara yao ya kwanza kuchota kwetu: 1981 walishatoa "Malaika".

Sasa sikilizeni. Boney M. lilikuwa kundi la prodyuza Frank Farian. Jukwaani aliyeruka na kufungua mdomo ni Bobby Farrell, lakini sauti ya kiume kwenye zile rekodi zilizovuma ilikuwa ya Farian mwenyewe. Watu walijua, na bado wakacheza. Huyo ni staa. Halafu jamaa wa Ukunda anayeimba kwa koo lake mwenyewe kando ya bwawa la kuogelea, shati la kitenge limelowa jasho, ndiye kichekesho?

Binamu yangu anapiga kinanda kwenye hoteli moja huko. Ametunga wimbo kwa Kidigo, ndani yake mna mdundo wa sengenya, na ni mtamu, wallahi. Meneja akamwambia auache, wageni hawataelewa. Kwani Wajerumani walipocheza "Malaika" walielewa nini?

Mwishoni mwa 2018 mtandao uliwaka moto kwa sababu Disney walikuwa wamesajili "hakuna matata" kama alama ya biashara kule Marekani. Tulitia saini, tulitukana, tukalala. Sawa. Lakini Disney si mwajiri wa binamu yangu. Anayemlipa kwa usiku, bila mkataba, na kumchagulia nyimbo za kupiga, yuko Diani, na sijaona hashtegi yake hata moja.

Nusu saa tu ya nyimbo zao wenyewe kila usiku, na mkataba ulioandikwa. Hoteli inayoweza kumwagilia nyasi mchana kutwa haishindwi na hilo.

Jumamosi hii bendi ipo tena, kuanzia saa mbili. Mkienda, muombeni ule wa Kidigo. Meneja akiwakodolea macho, agizeni soda nyingine.