"Watu wa Hapa Hawana Shida"



Juma hili nilikusudia kuendelea na tafakari zetu juu ya sakramenti ya Kitubio. Mniwie radhi, itangoja. Jumatano nilihudhuria kikao kuhusu jaa la taka linalokusudiwa kujengwa nyuma ya shule yetu ya msingi, upande wa mto, hatua zisizofika mia tatu kutoka madarasa ya watoto wadogo. Afisa mmoja, baada ya kueleza habari za ramani na malori, alifunga daftari lake akasema kwa upole kabisa: "Tumechagua hapa kwa sababu watu wa hapa hawana shida." Ukumbi ukacheka. Nami, nakiri, nilitabasamu.

Tangu jioni ile neno hilo halijaniacha. Hakusema kwamba udongo wetu ni mfinyanzi usiopitisha maji machafu, wala kwamba upepo wetu huyapa mgongo madarasa. Hakusema kwamba mto uko mbali, maana kila mtu anauona. Sababu aliyoitaja ni sisi. Tumepimwa, tukaonekana wepesi.

Mnaodhani natia chumvi, nawapeleka kidogo California, Marekani, ambako jambo hili liliwahi kuandikwa pasipo haya. Mwaka 1984 bodi ya jimbo hilo iliyosimamia taka ilitumia kampuni ya washauri, Cerrell Associates, iieleze ni jamii za namna gani zisizoelekea kupinga mitambo ya kuchoma taka. Washauri wakaorodhesha: watu wa kipato cha chini, watu wasiosoma kupita sekondari, wazee, wakaao katika miji midogo, waishio kwa kilimo na uchimbaji wa madini. Na katika orodha hiyo hiyo wakaandika: Wakatoliki. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilicheka kwa uchungu. Karne ishirini za mashahidi, na mshauri mwenye kalamu anatuweka katika safu ya wasiouliza!

Miaka minne baadaye, katika jimbo hilo hilo, wakazi wa Kettleman City, kijiji cha vibarua wa mashambani, walisikia kwamba tanuri la kuchoma taka zenye sumu litajengwa kando ya jaa la sumu ambalo tayari lilikuwa karibu nao. Ripoti ya athari za mazingira iliandikwa kwa Kiingereza. Wengi wao walizungumza Kihispania nyumbani, na baadhi hawakujua Kiingereza kabisa. Wakaunda kikundi, wakaenda mahakamani. Mwishoni mwa mwaka 1991 jaji aliamua kwamba watu walionyimwa ripoti kwa lugha yao hawakushirikishwa ipasavyo, na mwaka 1993 kampuni ikaacha mradi wake. Hawakuwa matajiri, wala wanasheria. Walikataa tu kuwa watu wasio na shida.

Tangazo lililobandikwa katika ofisi ya chifu wetu limeandikwa kwa Kiingereza. Nimelisoma mara tatu, mimi niliyekalishwa seminarini miaka mingi, na bado ukurasa wa pili unanishinda.

Wapo wanaosema tungoje kwanza tuone, kwani pengine jaa halitakuwa baya. Ndugu zangu, sisi Wakenya hatuna haja ya kungoja, tumekwisha kuona. Jaa la Dandora, Nairobi, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori hayakukoma. Shule na kanisa vinapakana nalo. Mwaka 2007 Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa, UNEP, ulitoa utafiti uliofanywa kwa kushirikiana na Parokia ya Mtakatifu Yohane, Korogocho. Watoto 328 walipimwa. Nusu yao walikutwa na mikrogramu 10 au zaidi za madini ya risasi katika kila desilita ya damu, kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Tangu mwaka 2021 Marekani mtoto mwenye zaidi ya mikrogramu 3.5 tu huhesabiwa kuwa anahitaji kufuatiliwa, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Zahanati moja ya kanisa ilikuwa ikiwatibu watu zaidi ya 9,000 kwa mwaka kwa matatizo ya kupumua.

Moshi mtauona, na harufu mtaisikia hata wakati wa Mageuzo. Risasi haionekani wala hainuki. Mtoto huipata katika vumbi la mikono anayoitia kinywani, na mwili wake huifyonza kuliko wa mtu mzima, ikamdhuru ubongo ungali unakua. Mwalimu atamwona mtoto asiyetulia na asiyekumbuka, amwite mzembe. Mama atamchapa. Wala hakuna atakayelitazama jaa.

Tena jaa ni rahisi kulizuia kuliko kulihamisha. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa la Dandora lifungwe katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikapita, malori yakaendelea kumwaga.

Najua yanayosemwa nyuma yangu. "Padri, hayo ni ya siasa, tuombee tu." Nitaomba. Lakini tarehe 27 Novemba 2015, hayati Baba Mtakatifu Fransisko alipofika Kangemi, hakuishia kuomba. Aliwataja wanyakuzi wa ardhi wanaothubutu kuvitamani hata viwanja vya michezo vya watoto wa shule. Januari ya mwaka huo huo wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata walikuwa wamerushiwa vitoza machozi kwa kuutetea uwanja wao. Kama Papa aliona kiwanja cha shule ni jambo la Injili, mimi paroko wa kijijini ni nani hata nilione ni la siasa?

Wengine wanasema tutapata ajira. Ngapi, za nani, kwa mshahara gani? Katika kikao niliuliza, nikajibiwa kwamba hayo yatajulikana baadaye.

Hoja moja naiheshimu: taka ni zetu, basi ziende wapi? Ni kweli. Siku ya somo wa parokia tuliacha uwanjani rundo la sahani za plastiki lililonifikia kiunoni, nami sikusema kitu. Wala sitaki jaa lisukumwe kwa jirani mnyonge kuliko sisi. Hiyo ingekuwa dhambi ile ile kwa anwani nyingine. Ninachodai ni kwamba mahali pachaguliwe kwa kupima udongo, maji na upepo, mbali na watoto, na kwamba taarifa zitolewe kwa lugha ambayo mama muuza mboga anaielewa. Maganda na mabaki ya chakula yatengwe yawe mbolea, nasi tuanze hapa parokiani. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kungoja kwanza kuthibitisha kwamba ameumia.

Someni tena kisa cha Nabothi, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Sisi humlaumu Ahabu na Yezebeli, na ndiyo haki. Siku hizi mimi nawatazama wazee wa mji. Barua ziliwafikia, wakatenda kama zilivyoagiza, na hatusikii kwamba hata mmoja wao aliuliza swali. Walikuwa watu wasio na shida.

Nami ni mmoja wa wazee hao. Barua ya kwanza kuhusu jaa hili ilifika ofisini mwangu kabla ya Kwaresima. Niliiweka chini ya vitabu vya ubatizo, nikijiambia kwamba serikali inajua kazi yake. Majina ya watoto wa shule ile yamo katika vitabu vile vile. Nawaomba msamaha wazazi wao.

Muda wa kutoa maoni ni siku 30, na 11 zimekwisha. Dominika hii, baada ya Misa ya pili, kutakuwa na meza chini ya mwembe. Nimelitafsiri tangazo lote kwa Kiswahili, pamoja na ule ukurasa wa pili, kwa msaada wa mwalimu wa sayansi. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wataandika maoni ya wasioweza kuandika, kila mtu kwa maneno yake mwenyewe. Njooni na vitambulisho. Ndugu zetu Waislamu na wa makanisa mengine wamekwisha kualikwa. Watoto wao wanakaa madawati yale yale.