Stenlesi Haijisafishi

Miongoni mwa watu wanaojipikia bia nyumbani imeenea imani moja inayosemwa kana kwamba ni kanuni ya sayansi: ukitaka bia safi, achana na ndoo ya plastiki, nunua tangi la koni la stenlesi. Utaisikia kwa Wamarekani, ambao wameifanya shughuli hii kuwa kubwa tangu Rais Jimmy Carter aliposaini sheria ya mwaka 1978 iliyowaruhusu kupika bia ya matumizi ya nyumbani bila kulipa kodi. Utaisikia pia kwa wenzetu wanaoishi huko, na kwa wale wanaoanza kuagiza vifaa hivyo kuja Afrika Mashariki. Imani hiyo ina pande mbili: kwamba umbo la koni huifanya bia iwe bora, na kwamba stenlesi haichafuki wala haiharibiki. Nazipinga zote mbili. Tangi hili ni chombo kizuri mikononi mwa mtu aliye tayari kusugua, na ni hasara tupu kwa aliyelinunua ili asisugue.

Tuanze na koni. Tangi lenyewe ni silinda juu na koni chini, na kwenye ncha ya koni kuna valvu. Hamira ikimaliza kazi hushuka pamoja na mabaki ya hopi na protini zilizoganda, mashapo hayo hukusanyika nchani, nawe unafungua valvu na kuyatoa bila kuihamisha bia. Wazo hili lilisukumwa mbele na Leopold Nathan mwanzoni mwa karne ya 20, na viwanda vikubwa vililikumbatia kwa wingi katika nusu ya pili ya karne hiyo. Vilikuwa na sababu zao. Tangi refu huokoa nafasi ya sakafu, huoshwa kwa pampu bila mtu kuingia ndani, na hamira huvunwa chini kwa ajili ya upishi unaofuata. Zaidi ya hayo, uzito wa mita nyingi za bia huikandamiza hamira iliyolala nchani. Hamira iliyosongamana hivyo hupata joto, hufa na kupasuka, kisha huiachia bia ladha ya mchuzi na ya mpira. Kiwandani, kuitoa mapema ni lazima.

Sasa njoo kwa mpishi wa nyumbani mwenye lita 20. Kina cha bia yake hakifiki hata mita moja. Hamira yake hailemewi na kitu cha kuiua ndani ya wiki mbili au tatu. John Palmer, mhandisi wa metali aliyeandika How to Brew, kitabu kinachotegemewa na wapishi wa nyumbani wengi, katika matoleo ya mwanzo alishauri bia ihamishiwe chombo cha pili ili itenganishwe na hamira; katika matoleo ya baadaye aliulegeza ushauri huo kwa bia za kawaida. Hofu iliyokuwa ikiuza koni imepungua nguvu, lakini koni zinaendelea kuuzwa kwa hofu ileile.

Na koni ina gharama isiyotajwa dukani. Kila unapofungua valvu ya chini, nafasi iliyoachwa na mashapo lazima ijazwe na kitu. Kama hukuunganisha gesi ya kaboni dioksidi kwa juu, kinachovutwa ndani ni hewa, au dawa iliyomo kwenye kizibo cha kutolea gesi. Oksijeni ikiingia katika bia iliyokwisha kuiva, baada ya muda bia hiyo huwa na ladha ya karatasi iliyolowa. Aidha, ukifungua valvu kwa pupa, hamira nzito hung'ang'ania kuta za koni na bia hupenya katikati yake. Unamwaga bia na mashapo yanabaki. Mtu mwenye ndoo, aliyeitia bia yake hamira nzuri na kuiacha itulie bila kuifunguafungua, mara nyingi ana bia salama kuliko mwenye koni anayecheza na valvu kila asubuhi.

Upande wa pili wa imani hii ndio wenye madhara zaidi: kwamba stenlesi ni safi kwa asili yake. Historia inaukataa. Louis Pasteur alichapisha utafiti wake juu ya bia na vijidudu vinavyoiharibu mwaka 1876. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen, Emil Christian Hansen alifanikiwa kuotesha hamira safi kutokana na seli moja, na kiwanda kikaanza kuitumia. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika usafi wa bia, nalo lilitokea miaka 30 kabla Harry Brearley hajayeyusha chuma chake kisichoshika kutu huko Sheffield mwaka 1913. Vyombo vya zama hizo vilikuwa vya mbao na shaba. Kilicholeta bia safi ni maarifa juu ya vijidudu na nidhamu ya kuvizuia. Hata leo, huko Tadcaster, Uingereza, kiwanda cha Samuel Smith huchachua bia zake nyingi katika matangi ya mraba ya mawe ya sleti, na mafundi wake wanaheshimiwa kwa bia hizo.

Stenlesi yenyewe haina muujiza. Inalindwa na utando wa oksidi ya kromiamu mwembamba mno, unaopimwa kwa nanomita. Aina ya 304, iliyo ya kawaida katika matangi ya bia, ina kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli takriban asilimia 8. Utando ukikwaruzwa hujijenga upya mradi chuma kiwe safi na kipate hewa. Lakini una maadui, na wa kwanza wako nao jikoni. Dawa ya klorini, ile tunayozoea kuiita Jik, ikiachwa ndani ya tangi huutoboa utando huo na kuchimba vishimo vidogo ambavyo hakuna brashi inayovifikia. Stiliwaya ya chuma cha kawaida huacha chembe zake juu ya ukuta, na chembe hizo zikishika kutu mwenye tangi hushangaa kwamba stenlesi imeota madoa ya kahawia. Bia nayo huacha gaga gumu la kalisiamu oksaleti, linaloongezeka tabaka juu ya tabaka. Chini ya gaga hilo bakteria wanaochachusha maziwa hujificha, na dawa ya kuua vijidudu hupita juu yao bila kuwagusa. Ukuta unang'aa, mwenyewe ameridhika, na bia inayofuata inatoka chachu.

Kisha kuna valvu ya chini, ambayo ndoo haina. Valvu ya tufe, iliyofungwa kwenye matangi mengi ya bei nafuu, ina nafasi kati ya tufe na ganda lake ambako bia na hamira huingia kila unapoizungusha. Nafasi hiyo haioshwi kwa kupitisha maji. Huoshwa kwa kuifungua valvu yote vipande vipande. Valvu ya kipepeo ni afadhali, lakini nayo ina mipira ya kuziba inayotunza uchafu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka raha ya kutoa mashapo kwa chini akubali pia kazi ya kuinama kila baada ya upishi, kufungua kila kibano, kutoa kila mpira na kuusugua pande zote. Asiyekubali, ndoo yake ya zamani ilikuwa salama zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo mabishano ya matangi yamelifunika: joto. Hamira ikila sukari hutoa joto, na bia inayochachuka kwa kasi inaweza kukizidi chumba kwa nyuzi kadhaa. Hamira nyingi za eli hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22 za Selsiasi. Za laga hutaka takriban 8 hadi 13. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kina nyuzi 30 na zaidi mchana. Ukiliweka tangi la gharama humo bila kulipoza, hamira itatoa pombe nzito zenye harufu ya tina, sawa na ambavyo ingefanya ndani ya ndoo. Chuma hupitisha joto vizuri, jambo linalosaidia pale tu unapokuwa na chanzo cha ubaridi. Friji kuukuu iliyofungwa kidhibiti joto, yenye ndoo ya plastiki ndani yake, itampa mpishi wa pwani bia nzuri kuliko tangi lolote lililosimama sebuleni. Na asiye na friji achague hamira inayolingana na hali yake. Wakulima wa magharibi mwa Norwei wametunza kwa vizazi hamira iitwayo kveik, inayochachua vizuri kati ya nyuzi 30 na 40. Hamira hiyo ililelewa katika vyombo vya mbao vya shambani.

Sisemi stenlesi haina ubora. Unao, na ni haki kuutaja. Plastiki ya ndoo hupitisha oksijeni polepole, hivyo haifai kutunzia bia kwa miezi. Hukwaruzika kwa urahisi, na mikwaruzo ni maficho ya vijidudu. Hunasa harufu. Dumu la kioo likikuponyoka likiwa limejaa, linaweza kukukata vibaya. Stenlesi huzuia mwanga unaoiharibu hopi, hustahimili maji ya moto, na ikitunzwa itadumu maisha yako yote. Ninachokataa ni kumwambia mtu kwamba ubora huo unakuja wenyewe pamoja na risiti.

Anayeamua kununua, basi anunue kwa macho makavu. Aanze kwa kuangalia ndani, kwa sababu kung'aa kwa nje hakugusi bia. Apitishe ukucha juu ya mishono ya kulehemu: ukikwama, hamira nayo itakwama. Rangi ya buluu au kahawia kando ya mshono ni dalili kwamba joto la kulehemu limeharibu utando wa kinga na fundi hakuurudisha kwa asidi. Hili linawahusu hasa wanaotaka kutengenezewa tangi na mafundi wetu wa meza za hoteli na vyombo vya maziwa, ambao wengi wana ujuzi wa kutosha wakielezwa vizuri kinachotakiwa. Mwenye kuagiza asitosheke na sumaku. Stenlesi ya aina ya 201, yenye nikeli kidogo na manganizi nyingi, mara nyingi nayo haivutwi na sumaku, lakini hushika kutu mapema kuliko 304. Kinachothibitisha aina ni cheti cha bati lenyewe.

Viungio vya nyuzi za skrubu avikatae. Nyuzi ni vibanda vya uchafu. Achague vya kibano, vinavyofunguka kwa mkono. Mdomo wa tangi uwe mpana kiasi cha kuingiza mkono mpaka nchani. Valvu ya chini iwe pana, maana mabaki ya hopi huziba tundu dogo. Na aulize kama tangi limejengwa kuhimili shinikizo. Bia ya nguvu ya kawaida hutoa karibu lita 20 za gesi kwa kila lita moja, hivyo tangi la lita 20 litatoa takriban lita 400. Kulifunga tangi lisilo na uwezo huo na lisilo na valvu ya usalama ni kuhatarisha watu wa nyumbani. Hatari ya kinyume ipo pia: tangi lililofungwa likipozwa ghafla, hewa ya ndani hunywea na ukuta mwembamba unaweza kubonyea.

Utunzaji wake hauna siri. Tangi jipya lioshwe kwanza kwa sabuni kali ya alikali ili kutoa mafuta ya kiwandani na unga wa kung'arishia. Baada ya kila upishi, suuza kabla mabaki hayajakauka. Jaza maji ya moto yenye dawa ya alikali na uyaache yafanye kazi, kisha sugua kwa kitambaa laini au sponji, ukikumbuka sehemu ambazo maji ya pampu hayafiki, kama nyuma ya bomba la kipimajoto. Suuza tena. Mara kwa mara pitisha asidi, ya fosforiki au ya sitriki, ili kuyeyusha gaga. Acha tangi likauke likiwa wazi, lipate hewa. Dawa ya kuua vijidudu ije mwisho kabisa, siku ya kutumia, juu ya ukuta uliokwisha kuwa safi. Hakuna dawa inayofanya kazi juu ya uchafu. Mipira ya kuziba ibadilishwe ikianza kupasuka au kunuka.

Kwa hiyo mpangilio wa fedha uwe huu: kwanza hamira hai na ya kutosha, pili uwezo wa kudhibiti joto, tatu dawa nzuri za kusafishia, na tangi la koni liwe la mwisho. Wauzaji hawatausema, kwa kuwa faida yao iko katika kitu cha nne. Lakini wapishi wazoefu, wanaojua ukweli huu kwa mikono yao, hawana sababu ya kuunyamazia. Kijana akija kuwauliza anunue tangi gani, wasimpe jina la tangi. Wamuulize bia yake inachachuka katika nyuzi ngapi, na mara ya mwisho aliifungua lini koki ya ndoo yake akaisugua kwa ndani. Akiwa hana jibu, fedha zake zibaki mfukoni mpaka alipate.