Waipa iliyolala juani



Ndugu msomaji, kwetu Dodoma mvua haina haraka. Tangu Mei hadi Novemba tunaishi na jua, upepo na vumbi. Mvua huja kwenye Desemba, na Aprili ikiisha nayo imekwisha kuaga. Ndiyo maana kuna kifaa kimoja cha gari ambacho watu wa huku tunakisahau zaidi ya nusu ya mwaka, nacho ni waipa. Leo, Dominika ya Pili ya Majilio, naomba nizungumze nawe kuhusu kifaa hicho, kwa sababu Jumamosi ya wiki iliyopita kilitaka kutuponza.

Kijana mmoja wa parokia yetu hapa Mkonze ana Toyota Celica ya zamani, gari la spoti la milango miwili. Watu wa rika langu wanalikumbuka jina hilo. Mashindano ya Safari Rally yalikuwa yakifanyika wakati wa Pasaka, katikati ya masika, na mwaka 1984 Björn Waldegård wa Sweden alishinda akiendesha Celica. Mwaka 1994 Ian Duncan wa Kenya naye akashinda kwa Celica. Nilipoingia seminari na kusoma Kilatini, niligundua kwamba jina hilo limetokana na neno lenye maana ya "ya mbinguni". Kwa hiyo huwa namtania kijana huyo: gari la mbinguni, petroli ya duniani.

Siku hiyo gari la parokia lilikuwa gereji, naye akajitolea kunirudisha kutoka kigangoni. Tukiwa njiani, mvua ya kwanza ikashuka. Vumbi la miezi saba likageuka tope juu ya kioo. Akawasha waipa. Ya upande wangu ilipaka tope badala ya kulifuta. Ya upande wake ilipanda hadi katikati, ikatetemeka, ikaanguka na kulala. Mota tuliisikia ikizunguka, lakini mkono haukwenda. Kijana akatoa kichwa dirishani ili aone njia. Ghafla akakanyaga breki kwa nguvu zote. Hatua mbili mbele yetu alikuwa amesimama mtoto na mbuzi wake, ameganda kwa hofu.

Tulikaa kimya muda mrefu. Kisha kijana akasema kwa sauti ya chini, "Padre, mipira ya waipa nimebadilisha mara mbili mwaka huu."

Jumatatu tulikwenda wote kwa fundi, mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Aliinua mikono ya waipa, akapitisha kidole kwenye mipira, akacheka. "Padre, mpira hauuawi na mvua. Unauawa na jua. Huu umelala juu ya kioo cha moto tangu masika, umekauka na kupasuka kabla haujafanya kazi." Kisha akaondoa kifuniko kidogo pale chini mkono unapoanzia, akaonyesha nati iliyolegea. "Na ugonjwa wenyewe uko hapa. Mota nzima, mkono mzima, ila vimeachana. Ukinunua mpira mpya kila mwezi, waipa bado italala."

Aliwasha waipa na kuzima, ili mota isimame mahali pake pa kupumzikia. Akauweka mkono sawasawa, akakaza nati kwa spana, si kwa kuikomoa. Akaweka mipira mipya, kisha akamwagia maji kioo ndipo akawasha tena. Kioo kikavu chenye vumbi, alisema, ukikifuta unakikwaruza. Kazi nzima haikufika nusu saa.

Ndugu yangu, nilirudi nyumbani nikiwa na neno moja kichwani: vimeachana. Naomba nikuambie kwa nini.

Mapema mwaka huu, katekista wetu mmoja alianza kuchelewa vikao. Akija, anasinzia. Mimi nikaamua moyoni kwamba amekuwa mvivu na kazi ya Mungu haipendi tena. Siku moja nikamkaripia mbele ya Halmashauri ya Walei, watu wazima wenzake wakisikia. Hakujibu neno. Wiki kadhaa baadaye jirani yake aliniambia kwamba mama yake mzazi alikuwa amelala kitandani, na yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza na kumwosha usiku kucha. Sikuwa nimemuuliza hata swali moja.

Wakati huo nilikuwa naadhimisha Misa kila siku. Nilikuwa nasali sala zangu za vipindi. Nilikuwa nawaungamisha wengine kila Jumamosi. Mota ilikuwa inazunguka. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa na miezi saba sijapiga magoti mbele ya padre mwenzangu kuungama. Nilimtazama mwenzangu kupitia kioo chenye vumbi, na nikaamini kwamba vumbi liko usoni pake.

Injili ya Marko, sura ya 8, inatusimulia habari za kipofu wa Bethsaida. Yesu alipomgusa mara ya kwanza, mtu yule aliona watu kama miti inayotembea. Yesu hakumwacha hivyo; alimwekea mikono tena, ndipo akaona kila kitu vizuri. Nakuomba uitazame hatua ile ya kwanza, kwa sababu ndipo wengi wetu tulipo. Si vipofu, tunaona. Ila mke, mume, mkwe, jirani wa jumuiya, tunawaona kama miti. Tunasema tunawafahamu, kumbe tunaona vivuli tu. Na mtu anayeona vivuli akiwa na usukani mkononi ni hatari kuliko aliyekiri kwamba haoni na akaegesha gari.

Kanuni ya 989 ya Sheria ya Kanisa inamtaka mwamini aungame dhambi zake kubwa walau mara moja kwa mwaka. Wengi tumelishika neno "mara moja" na kulisahau neno "walau". Tunajipanga foleni ndefu Juma Kuu, kisha waipa inalala juani hadi mwaka unaofuata. Wapo watakaoniambia: "Padre, mimi sijaua wala sijaiba, nije kuungama nini kila mara?" Namwelewa anayesema hivyo. Mimi pia sikuwa nimeua wala kuiba. Nilikuwa nimemvunjia heshima mtu anayeuguza mama yake. Marehemu Papa Fransisko aliwaambia waamini mwaka 2013 kwamba yeye huungama kila baada ya siku kumi na tano. Ikiwa Papa alihitaji hivyo, paroko wa Mkonze ni nani?

Tena tusikimbilie kununua mipira mipya. Tukihisi roho imekauka, tunatafuta novena nyingine, hija nyingine, sare mpya ya kikundi. Vyote ni vyema. Lakini kama nati iliyolegea ni chuki na ndugu yako, au deni unalomkana mwenzako, au neno ulilomwambia mtu mbele ya watu, kaza hapo kwanza.

Mimi nilikwenda kuungama Jumanne ile. Alhamisi, kwenye kikao, nilisimama mbele ya halmashauri ileile nikamwomba katekista msamaha. Ilikuwa vigumu kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kutoa. Alinyanyuka, akanishika mkono, akasema, "Yamekwisha, Baba." Mama yake bado mgonjwa, mwombeeni.

Leo Yohane Mbatizaji anatuita kuinyosha njia ya Bwana. Tuinyoshe. Lakini tukisafishe na kioo, maana kwenye njia hiyo iliyonyooka kuna watoto na mbuzi wao. Kabla ya Noeli, tenga jioni moja umwone padre wako. Usingoje foleni ya siku ya mwisho. Na ukitoka kanisani leo, kama una gari, inua waipa uguse mpira kwa kidole. Mvua imeshaanza.

Nawatakia Dominika njema.